John Larson na Mashine ya Kuwinda Bongo

Sisi wa Bukavu tukisema fulani anasema bongo, tunamaanisha anasema uongo. Mtanzania akilisikia neno hilohilo anafikiria ubongo, au akili za kutafuta maisha mjini, au Dar es Salaam yenyewe. Tofauti hii imenifurahisha tangu nilipoanza kukusanya majina ya Kiswahili ya vyombo vya kitaalamu kwa ajili ya kazi yangu ya mwisho wa masomo, kwa kuwa chombo kimoja kati ya hivyo kilitengenezwa na watu walioamini kwamba bongo letu la Bukavu haliko kwenye bongo la Mtanzania hata kidogo, bali kwenye moyo na mapafu. Jina lake la Kifaransa maana yake ni kitambuzi cha uongo. Wataalamu hukiita poligrafu, neno lililotoka katika Kigiriki, maana yake kinachoandika mambo mengi. Majina hayo mawili hayafanani. La kwanza linaahidi, la pili linaeleza kazi tu. Mtu aliyekitengeneza hakulipenda la kwanza, na maisha yake ndiyo ninayotaka kuyasimulia hapa.

John Augustus Larson alizaliwa Desemba 1892 huko Shelburne, Nova Scotia, nchini Kanada, katika familia yenye asili ya Skandinavia, akakulia kaskazini-mashariki mwa Marekani. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Boston, na mwaka 1915 akapata shahada ya pili kwa utafiti juu ya alama za vidole. Baadaye akavuka nchi nzima hadi Berkeley, California, akasomea fiziolojia, yaani elimu ya jinsi mwili unavyofanya kazi, na mwaka 1920 akapewa udaktari. Kisha akafanya jambo ambalo lingemliza mama yeyote wa Kadutu au Bagira aliyeuza makala miaka mingi ili mtoto wake asome: akavaa sare ya polisi na kuanza kupiga doria usiku. Mara nyingi husemwa kwamba ndiye polisi wa kwanza wa Marekani kuwa na shahada ya udaktari.

Aliyemvuta ni mkuu wa polisi wa Berkeley, August Vollmer, mtu ambaye peke yake angestahili makala. Katika miaka ile polisi wengi wa Marekani walikuwa wakitoa maneno kinywani mwa mtuhumiwa kwa ngumi, kwa mpira wa bomba, kwa kumnyima usingizi na chakula. Si uvumi: tume iliyoundwa na serikali ya Marekani yenyewe, iliyojulikana kama tume ya Wickersham, iliyaandika hayo waziwazi mwaka 1931. Vollmer aliyapiga marufuku katika kikosi chake. Lakini ukimkataza askari kupiga, lazima umwonyeshe njia nyingine ya kufanya kazi, na Vollmer aliitafuta chuo kikuu. Aliajiri wasomi, akawatuma wengine kusoma, akaweka maabara. Ninakazia jambo hili kwa sababu wengi wanaoicheka poligrafu husahau ilitoka wapi. Ilizaliwa ili mtu asipigwe.

Larson hakuanza kutoka sifuri. Huko Harvard, mwanasaikolojia William Moulton Marston alikuwa amekwisha kuandika mwaka 1917 kwamba mtu anaposema uongo shinikizo la damu yake hupanda. Marston alipima mara kwa mara, kama vile nesi wa hospitali anavyokufunga kitambaa mkononi, anakipuliza, anasoma namba, anakifungua, kisha anarudia. (Huyu Marston ndiye pia aliyekuja kubuni Wonder Woman, yule shujaa wa kike wa katuni ambaye kamba yake humlazimisha aliyefungwa nayo kusema kweli. Wanaomjua kwa katuni hizo ni wengi kuliko wanaomjua kwa saikolojia.) Vollmer alimwonyesha Larson maandishi ya Marston, na Larson akaona kasoro mara moja. Namba zilizochukuliwa kwa vipindi zina mapengo, na pengo linaweza kumficha mtu. Yeye akaunda, mwaka 1921, chombo kilichoandika bila kukatika: ukanda wa mpira mkononi kwa ajili ya damu na mapigo ya moyo, mrija kifuani kwa ajili ya pumzi, na vijiti vyembamba vilivyokwaruza mistari miwili kwenye karatasi ndefu iliyopakwa masizi. Karatasi ilizunguka, vijiti vikatetemeka, na mwili wa mtu ukabaki pale, mweupe juu ya weusi. Akakipa chombo jina refu la kitabibu lililounganisha moyo, pumzi na nafsi, jina ambalo hakuna mwandishi wa gazeti angekubali kuliandika mara mbili.

Wala hakuamini chombo peke yake. Aliandaa maswali ya kujibiwa ndiyo au hapana, yaleyale kwa kila mtu, mengine yasiyo na uzito wowote, mengine yanayogusa kosa lenyewe, ili amlinganishe mtu na nafsi yake kwanza, kisha na wenzake.

Kesi ya kwanza ilikuwa ndogo, nami naiona kubwa kuliko zote. Katika bweni la wanafunzi wa kike wa Berkeley, College Hall, vitu vilikuwa vinapotea: fedha, nguo, pete. Yeyote aliyelala katika nyumba ya wanafunzi anajua hali hiyo, jinsi kila mmoja anavyoanza kumtazama jirani yake kwa pembe ya jicho. Larson akawapima wasichana hao mmoja baada ya mwingine. Mstari wa mmoja wao ukaporomoka ghafla, na msichana akakasirika, akainuka kitini. Siku chache baadaye, baada ya kuhojiwa tena, akakiri na kuondoka chuoni. Mmoja wa wale wengine waliopimwa akaja kuolewa na Larson mwaka uliofuata.

Hadithi hii husimuliwa kama ushindi wa mashine. Tuitazame polepole. Mashine ilionyesha kwamba msichana alishtuka. Haikuonyesha kwa nini. Uongo ulipatikana wapi? Ulipatikana kinywani mwake, alipokiri, na alikiri kwa sababu aliamini kwamba karatasi ile ilikwisha kumsoma. Kama angejua kwamba karatasi haina inachojua, huenda kesi ingebaki palepale ilipoanza. Larson mwenyewe alikuwa mwanasayansi mwaminifu kiasi cha kuisumbukia tofauti hiyo, na kadiri miaka ilivyopita ilizidi kumsumbua.

Magazeti hayakuwa na muda wa masumbuko hayo. Agosti 1921 padri Patrick Heslin wa Colma, karibu na San Francisco, alitekwa na kuuawa. Aliyeshikwa, William Hightower, akapimwa na Larson, na gazeti likachapisha mistari yake kama mtu anayechapisha picha ya shetani. Hightower alihukumiwa kifungo cha maisha kwa ushahidi mwingine, lakini wasomaji walibaki na picha ya mashine. Ni magazeti, si Larson, yaliyolifanya jina la kitambuzi cha uongo likazoeleka. Mahakama zilikuwa ngumu zaidi kushawishika. Mwaka 1923, katika kesi ya kijana Mweusi aliyeitwa James Alphonso Frye, mahakama ya rufaa ya Washington ilikataa kipimo cha Marston, kwa sababu kilikuwa hakijakubaliwa na wanasayansi wa fani husika. Uamuzi huo ukawa kipimo cha ushahidi wa kisayansi nchini Marekani kwa miaka mingi.

Sasa ndugu msomaji anaweza kujiuliza: mashine iliyofungiwa mlango wa mahakama ilikwenda wapi? Ilikwenda mahali ambapo mlango hauhitaji jaji, yaani kwa mtu ambaye amekwisha kuhukumiwa.

Katika miaka ya 1920 Larson alihamia Chicago. Aliungana na Herman Adler, daktari wa magonjwa ya akili aliyekuwa mtaalamu wa jinai wa serikali ya Illinois, na huku akisomea udaktari wa tiba alianza kuwapima wafungwa wa gereza la Joliet. Kwa mtafiti, gereza ni shamba lenye rutuba. Wafungwa wapo, hawaendi popote, kila mmoja ana faili, na wengi wanasubiri kitu kimoja, kuachiliwa kabla ya muda. Hata kwetu sheria inaruhusu hilo. Kanuni ya adhabu ya Kongo inasema mfungwa anaweza kuachiliwa kwa masharti akishatimiza robo ya kifungo, mradi amekaa ndani zaidi ya miezi 3, na akivunja masharti anarudishwa. Anayeamua lazima akisie moyo wa mtu. Je, amebadilika? Ana siri nyingine? Akitoka atafanya nini? Ndipo mashine inapoonekana kama zawadi.

Lakini fikiria nafasi ya yule aliyeketi kitini Joliet. Mtuhumiwa wa kawaida anaweza kukataa kupimwa, na kukataa kwake kusimdhuru sana. Mfungwa akikataa, amejiandikia mwenyewe sababu ya kuendelea kufungwa. Akikubali na kusema kweli kwamba hana hatia, anaonekana mkaidi asiyejuta. Akikiri, pengine anafunguliwa. Larson aliona kwamba katika chumba kile moyo una sababu nyingi za kwenda mbio kuliko uongo tu: woga, hasira, aibu, matumaini. Hapo ndipo alipoanza kuielekea tiba ya akili. Kilichomvuta sasa ni mtu mwenyewe, kwa nini anaficha anachoficha.

Mwenzake Leonarde Keeler alichukua njia nyingine. Huyu alizaliwa Berkeley mwaka 1903, mtoto wa mshairi, akapewa jina kwa heshima ya Leonardo da Vinci. Tangu ujana alikuwa akizunguka maabara ya Vollmer na kumsaidia Larson, kisha akamfuata Chicago. Keeler alikifanya chombo kiwe chepesi, akaweka wino badala ya masizi, akakitia kwenye sanduku zuri la kubeba, na mwaka 1931 akapata hataza, ile hati ya serikali inayompa mvumbuzi haki ya peke yake. Naye aliwapima wafungwa wa Joliet. Kisha akawapima wafanyakazi wa mabenki na maduka, akafungua shule ya kufundisha wapimaji.

Keeler alikuwa na mchezo mmoja ambao kwangu unafumbua fumbo lote. Kabla ya kipimo alimpa mtu karata achague moja na kuificha. Kisha alimtaka aseme hapana kwa kila karata atakayotajiwa. Mistari ikachorwa, na Keeler akamwambia karata yake ni ipi. Mchezo wa karata kama ule wa Feux Rouges sokoni, lakini ulifanya kazi: mtu alipoanza kuulizwa juu ya wizi au mauaji, alikuwa amekwisha kuamini. Keeler alijua kwamba mashine inataka muumini.

Larson hakumsamehe kwa hilo. Aliona kwamba chombo cha utafiti kimegeuzwa bidhaa, na kwamba watu waliofundishwa kwa wiki chache wanaamua mambo ambayo daktari mwenye miaka ya masomo angeyaogopa. Mwaka 1932 alitoa kitabu kikubwa juu ya uongo na namna ya kuugundua, kilichochapishwa na Chuo Kikuu cha Chicago, na jina la Keeler limo ndani kama mmoja wa waliosaidia. Humo Larson alirudi nyuma hadi kwenye viapo vya zamani na mateso, akiiweka mashine yake katika ukoo huo huo. Uaminifu wa namna hiyo ni adimu kwa mvumbuzi.

Na ukoo huo sisi tunaufahamu. Kamusi zetu zinalo neno mwavi, sumu ya gome la mti ambayo mtuhumiwa alinyweshwa: akitapika ni safi, akifa alikuwa na hatia. Wako walioeleza kwamba asiye na hatia, kwa kuamini, aliinywa kwa haraka na kuitapika, na mwenye hatia aliinywa kwa woga, kidogo kidogo, ikamwingia. Sijui ni wangapi walikufa wakiwa safi na waoga. Sheria za kikoloni zilipiga marufuku majaribio ya kishirikina, na kanuni yetu ya adhabu ingali inayaadhibu. Hata hivyo hamu ya kuwa na mtu au kitu kinachoona ndani haikufa pamoja na mwavi. Mwaka 2021, katika teritware za Kabare, Kalehe na Mwenga, wanawake, wengi wao wazee, walitajwa kuwa wachawi na watu wanaoitwa bajakazi, wanaojidai kuona kilichofichika. Katika mwezi wa Septemba pekee waliuawa wasiopungua wanane, wengine kwa moto. Aliyetajwa hakuwa na jibu lolote la kumsaidia. Akikana, bajakazi ameona, akikubali, amekiri.

Sisemi kwamba poligrafu na bajakazi ni kitu kimoja. Poligrafu haichomi mtu, na mistari yake inapima kitu kilichopo kweli. Ninachosema ni kwamba mwenye kupimwa, katika hali zote mbili, anasimama mbele ya anayedai kuona ndani, na hana njia ya kumwonyesha kwamba ameona vibaya. Tena najiuliza mistari ya mtu wa Kivu ingesomekaje. Hapa kuna watu ambao mioyo yao huruka wakiona sare tu, wakisikia buti nje ya mlango, wakiulizwa jina na kijiji. Mpimaji aliyefundishwa wiki 6 angeita hilo uongo.

Ili nisimwonee Larson kwa upande mmoja, niseme pia kilichotokea baadaye, maana wanaoitetea mashine wana hoja. Keeler alifariki mwaka 1949, akiwa na miaka 45, mwaka mmoja baada ya kuonekana katika filamu Call Northside 777, ambamo aliigiza nafasi yake mwenyewe akimpima mfungwa gerezani, na mfungwa yule akaonekana msema kweli. Mashine, basi, inaweza pia kumtetea aliyesahauliwa. Kuanzia miaka ya 1960 na 1970 majaji wachache wa Marekani wakaanza kuwaachilia watu kwa sharti la kupimwa mara kwa mara, na mtindo huo ukaenea hasa kwa waliohukumiwa kwa makosa ya kingono. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 2007, ikafanya majaribio, na tangu 2014 msimamizi anaweza kumlazimisha mtu wa namna hiyo aliyeachiliwa apimwe. Mwaka 2021 sheria zikapanuliwa kuwagusa waliohukumiwa kwa ugaidi na kwa ukatili wa nyumbani. Majaribio yalionyesha kwamba waliopimwa walifichua mambo mengi zaidi kwa wasimamizi wao: wamekutana na nani, wamekwenda wapi, wamefikiria nini. Kwa mama ambaye mtoto wake yuko jirani na mtu huyo, jambo hilo si dogo, nami singethubutu kumwambia kwamba ni mchezo wa karata. Sheria hiyo inakataza majibu ya kipimo kutumiwa kama ushahidi wa kumfungulia mtu kesi mpya ya jinai. Lakini aliyekiri jambo kitini anaweza kurudishwa ndani kwa alichokiri. Nayo ripoti ya Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani ya mwaka 2003 ilihitimisha kwamba poligrafu katika kosa moja mahususi hufanya vizuri kuliko kubahatisha, na vibaya sana kuliko ukamilifu. Ni kusema kwamba wanaofichua wanafichua, na wanaosingiziwa wanasingiziwa, na mashine ileile haiwezi kutuambia nani ni nani.

Larson hakuishi hadi kuona hayo. Alitumia nusu ya pili ya maisha yake kama daktari wa magonjwa ya akili, Detroit katika kliniki ya mahakama, kisha Indiana, akisimamia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Logansport. Aliendelea kukusanya karatasi na kuandika dhidi ya namna mashine ilivyokuwa ikitumiwa. Katika miaka ya mwisho aliifananisha na lile dubwana la hadithi ya Mary Shelley lililomgeukia daktari aliyeliumba. Mpaka hapo watu waliokuwa wamekalishwa kwenye kiti kile, polisini, benki, jeshini na magerezani, hawakuhesabika tena. Alifariki mwaka 1965 huko Nashville, Tennessee, akiwa na umri wa miaka 72.